Klorini Ilikuwa Imelala

Ijumaa moja ya Septemba, siku moja kabla ya harusi, bwawa ninalolitunza liliamka na rangi ya mchicha uliochemka. Mama mwenye nyumba ya wageni alisimama kibarazani, mikono kiunoni, haongei. Wanaomjua wanajua kwamba kunyamaza kwake ni kubaya kuliko kufoka. Chini yetu, mteremkoni kuelekea Katonga, hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika lilikuwa limetulia, buluu mpaka milima ya Kongo, maji safi kiasi kwamba ukiwa kwenye mtumbwi unahesabu mawe ya chini. Na huku juu, sisi tunaowatoza watu kiingilio tulikuwa na supu.

Klorini nilikuwa nimemwaga. Jumatano nilimwaga, Alhamisi nikaongeza, Ijumaa alfajiri nikakung'uta ndoo mpaka unga wa mwisho. Kwa akili yangu ya wakati ule, kijani maana yake klorini haitoshi, na kama haitoshi unaongeza. Ni akili ya mpishi anayetia chumvi bila kuonja.

Harusi ilifanyika. Hakuna aliyeogelea. Mpiga picha alisema ile rangi imeendana vizuri na gauni la bibi harusi, na nadhani ndiye aliyeokoa kibarua changu.

Jumapili nikamfuata mzee mmoja wa mtaa wa Mwanga ambaye ujana wake aliumalizia kwenye boila, enzi meli ya Liemba ilipokuwa bado inakwenda kwa mvuke, kabla haijawekewa injini za dizeli miaka ya 1970. Bwawa la kuogelea hajawahi kulitunza hata siku moja. Nilimfuata kwa sababu fundi wa mabwawa wa karibu yuko mwendo wa basi usiku na mchana, na kwa sababu mzee huyu anaongea habari za maji kama wengine wanavyoongea habari za mpira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepima?"

"Nimepima klorini."

"Na nini kingine?"

Nikanyamaza.

"Basi nenda kapime ziwa," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Nilidhani ananifukuza kistaarabu. Lakini Jumatatu nikashuka ufukweni na kile kisanduku changu cha vipimo, kile chenye vichupa viwili na matone, kimoja cha klorini, kimoja cha pH, ile namba inayoonyesha kama maji yameegemea asidi au magadi. Akina mama walikuwa wanaanika dagaa. Mmoja akaniuliza kama nataka kulitibu ziwa. Nikachota maji, nikadondosha matone matano ya dawa nyekundu, nikatikisa. Kadi ya rangi inaanzia njano, inapita rangi ya chungwa, inaishia waridi iliyoiva kwenye 8.2. Maji ya ziwa yakapita pale. Yalitoka zambarau ambayo kadi haina jina lake.

Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9. Waliosoma habari za samaki wa mapambo wanalijua hili, maana wanaofuga samaki wetu huko Ulaya mara nyingi hulazimika kuyapandisha pH maji ya bomba yao ndipo samaki wastawi. Mimi mtoto wa Kigoma, niliyejifunza kuogelea Kibirizi kabla sijajua kusoma, nilikuwa sijui. Na bwawa letu, kama bomba nyingi za mji huu, linajazwa maji yanayotoka humo humo ziwani.

Sasa hapo ndipo kila kitu kilipofunguka. Klorini ikishaingia majini inajigawa sura mbili. Sura ya kwanza, asidi ya hipoklorasi, ndiyo inayoua vijidudu na mwani, vile vimea vidogo vilivyolipaka bwawa kijani. Sura ya pili, hipokloriti, ipo majini, kipimo kinaiona na kuihesabu, lakini kazi yake ni ndogo mno. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH. Kwenye 7.2, kama theluthi mbili ya klorini yako iko kazini. Kwenye 7.5 ni nusu. Kwenye 8 inabaki robo hivi. Kwenye 8.5 ni sehemu moja ya kumi, na kwenye 9 ni vijiko vitatu tu katika kila vijiko mia ulivyomwaga. Vingine tisini na saba vimelala chini ya mwembe.

Kibaya zaidi, klorini ya unga niliyokuwa naimwaga, ile ya kalsiamu yenye nguvu ya asilimia 65 mpaka 70, yenyewe inapandisha pH kidogo. Na mwani nao ukinyonya hewa ya ukaa mchana kutwa unaipandisha zaidi. Kila ndoo niliyoongeza ilikuwa inambembeleza usingizi aliyetangulia. Siku tatu nilikuwa nalea mwani kwa pesa ya Mama.

Dawa ya pH kubwa ni asidi. Huku tunapata ile ya hidrokloriki, ambayo mafundi huitumia kuondoa saruji kwenye vigae. Nilidhani nitamwaga lita mbili na habari itaisha. Nikamwaga jioni, pH ikashuka, nikalala kwa furaha. Kesho yake saa kumi alasiri imerudi 8. Nikamwaga tena, ikashuka, ikarudi. Mzee alicheka sana nilipomweleza. Akasema nimemgusa mtu mmoja bila kuhesabu ndugu zake.

Ndugu hao ndio ualkali. pH inakwambia maji yako wapi leo, ualkali unakwambia yana nguvu kiasi gani ya kurudi pale pale ukiyasukuma. Bwawa linataka ualkali wa miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Maji ya ziwa letu yana kama 300. Bwawa letu lina urefu wa mita 12, upana 6, kina cha wastani mita moja na nusu, yaani mita za ujazo 108, lita laki moja na elfu nane. Kwa ujazo huo, kushusha ualkali kwa miligramu 10 tu kunakula zaidi kidogo ya lita mbili za asidi ya asilimia 33. Nami nilitaka kushusha 200. Piga hesabu: lita arobaini na mbili. Madumu mawili ya lita 20 na chupa juu yake.

Huwezi kumwaga zote kwa mpigo, utayeyusha groti, ule uji wa saruji unaojaza mianya ya vigae, na kuua pampu. Nilikwenda lita tatu kila jioni kwa wiki mbili, nikizichanganya kwanza kwenye ndoo ya maji (asidi unaitia kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye asidi), nikimwaga taratibu upande wenye kina huku pampu inazunguka. Asubuhi nilikuwa nageuza vile vinywa vya kurudishia maji vitazame juu, maji yaruke na kuchemka kama chemchemi. Ule mrusho unaitoa hewa ya ukaa, pH inapanda yenyewe bila ualkali kupanda, na jioni unapata nafasi ya kutia asidi tena. Wageni walipenda ile chemchemi. Sikuwaeleza.

Hapa niseme jambo moja na nilirudie kila ninapokutana na kijana anayeanza kazi hii: asidi na klorini hazikai chumba kimoja, hazitumii ndoo moja, hazimwagwi saa moja. Zikikutana zinatoa gesi inayofunga kifua. Na klorini ya unga na vile vidonge vikubwa vyeupe vya klorini, ingawa zote zinaitwa klorini, ni maadui. Ukitumia kijiko kimoja chenye unyevu kwa vyote viwili zinaweza kuwaka moto. Nimeona stoo ambako vyote vitatu vilipangwa rafu moja pamoja na mafuta ya jenereta. Nilitoka nje kabla sijasalimia.

Siku ya kumi na moja pH ilikaa. Na klorini niliyokuwa naendelea kuimwaga ikaamka siku moja. Kijani kilikufa mchana mmoja, nikaona kwa macho yangu, kutoka mchicha kwenda kijivu kwenda maziwa. Nikakimbia kupima. Wakati huo nilikuwa nimepata kipimo kipya cha vidonge, kile ambacho klorini ikiwepo maji yanageuka waridi. Nikatia kidonge, maji yakawa waridi kwa nukta moja, kisha yakawa meupe kabisa. Hakuna klorini! Nilishachukua kijiko cha klorini mkononi.

Kilichonizuia ni kaptura yangu. Ilikuwa ya kaki, na pale maji yaliponirukia palikuwa pameanza kuwa peupe. Maji yasiyo na klorini hayachubui nguo. Nikachukua kikombe kimoja cha maji ya bwawa, nikachanganya na vikombe tisa vya maji ya chupa, nikapima tena. Waridi, safi kabisa, kwenye miligramu 2 kwa lita. Zidisha kwa kumi: klorini ilikuwa 20, wakati watu wanatakiwa kuogelea kwenye 1 hadi 3. Klorini ikizidi sana inaichubua hata dawa ya kipimo, na kipimo kinakudanganya kwamba hakuna kitu. Inaidanganya na ile dawa nyekundu ya pH pia, inageuka zambarau ya uongo. Tulifunga bwawa, jua likaila klorini lenyewe. Jua la Kigoma kwa kazi hiyo halina mpinzani: klorini isiyo na kinga, saa mbili za mchana mkali zinatosha kuimaliza sehemu kubwa. Ndiyo maana namwaga jioni, na anayemwaga saa sita mchana analisha jua.

Kuna kipimo kingine cha bure ambacho napenda kuliko vyote. Pima klorini jua likizama, pima tena alfajiri kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kusingizia. Kama imepungua zaidi ya moja, kuna kitu hai humo ndani kinaila, hata kama maji yanaonekana safi. Nimewahi kuukamata mwani kwa njia hii siku mbili kabla haujaonekana.

Maziwa sasa. Ule mwani uliokufa ni mdogo mno, filta ya mchanga inaupitisha kama neti ya migebuka inavyopitisha dagaa. Dawa yake iko kwa kinyozi: shabu. Shabu ile ile inayofunga damu ya wembe inayafanya machafu yashikane, yawe mazito, yazame. Nilitumia kama gramu 50 kwa kila mita ya ujazo, kilo tano na ziada, nikaikoroga kwenye ndoo, nikaimwaga pande zote huku valvu iko kwenye mzunguko usiopita kwenye filta, maana ikipita huko utaitengenezea filta ugali. Baada ya saa mbili nikazima pampu, nikakataza mtu yeyote hata kutia kidole.

Asubuhi nilikuta maji kama kioo, na sakafuni uji wa ulezi umetandazwa. Hapo ndipo subira inapohitajika. Ukifyonza kwa pupa uji unanyanyuka na unaanza upya. Nilifyonza kwa saa tatu, mwendo wa kinyonga, nikipeleka maji moja kwa moja nje badala ya kuyarudisha. Bwawa likashuka sentimita kumi na tano, karibu mita za ujazo kumi na moja. Nikafungulia bomba kulijaza.

Bomba lenye maji ya ziwa. Ualkali ukapanda tena karibu 20. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba sitalimaliza hili jambo. Kila maji yanayopotea, yawe ya kufyonza, ya kuosha filta au ya watoto kuruka, ziwa linarudi kwa mlango wa bomba na ndugu zake wote.

Kuhusu filta sitakaa sana, ingawa wengi wanaoniuliza matatizo ya maji kumbe wana tatizo la filta. Tazama geji ya presha. Filta yetu ikiwa safi inasoma bar 0.8, ikifika 1.3 naosha kinyumenyume, si kabla, maana mchanga wenye uchafu kidogo unachuja vizuri zaidi kuliko uliooshwa kila siku. Usigeuze mkono wa valvu pampu ikiwa inazunguka. Niligeuza, nikachana mpira wa ndani, na kwa wiki nzima maji yalikuwa yanakimbilia mtaroni tukidhani ni jua. Ukiona vichuguu vidogo vya mchanga chini ya vinywa vya kurudishia maji, vile vidole vya plastiki vilivyo chini ya tangi vimevunjika. Na usijaze tangi kwa mchanga wa ufukweni. Aliyenitangulia alijaza. Nilipoufungua nilikuta vipande vya konokono, ziwa hili lina konokono wa kila umbo, na magamba yao ni chokaa inayoyeyuka taratibu majini. Filta inataka mchanga wa kwatsi, punje za nusu milimita hadi moja, zilizochekechwa.

Mwaka ukapita. Maji yakawa mazuri mpaka Mama akaanza kuwaambia watu kwamba nilisomea. Kisha nikaanza kuokota unga mweupe sakafuni. Nilidhani ni vumbi la kiangazi. Nikashuka na miwani ya kuzamia nikakuta groti imeliwa. Mahali pengine ukucha ulizama wote. Kwenye ngazi, ambapo hakuna vigae, plasta ilikuwa inakwaruza kama msasa, mtoto mmoja alitoka vidole vya miguu vinachuruza damu.

Nikarudi kwa mzee. Safari hii sikuulizwa kama nimepima, nilikwenda na daftari. Akalisoma kwa muda mrefu, akasema:

"Maji yakishiba yanatapika ukoko. Yakiwa na njaa yanakula chombo. Wewe umeyaacha na njaa."

Nimeishi na sentensi hiyo mpaka leo, na ndiyo elimu yote ya kuta za bwawa. Maji yanataka chokaa. Yakiwa nayo ya kutosha kulingana na pH, ualkali na joto lake, yanatulia. Yakizidishiwa, yanaitema kwenye vigae na ndani ya mabomba. Yakipungukiwa, yanaitafuta penye saruji. Maji ya ziwa letu yana tabia ya ajabu: madini yanayoyafanya yawe magumu mengi ni magnesiamu, kama miligramu 40 kwa lita, kalsiamu ni kama 10 tu. Yakiwa na pH ya 9 na ualkali wa 300 hata kalsiamu hiyo kidogo inayatosha, na ukoko unaanza kujenga. Nilipoyashusha pH mpaka 7.3 na ualkali mpaka 80, nikijisifu kwamba nimefuata kitabu, niliyageuza kuwa walaji. Kitabu kile kiliandikwa kwa maji yenye kalsiamu ya kutosha. Hakikuandikwa Kigoma.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. pH naiweka 7.5 hadi 7.6, si chini. Ualkali nauacha kwenye 110 au 120. Nimebaki na klorini ya unga badala ya vidonge, kwa sababu ile ya unga inaacha kalsiamu kila inapotumika, na hapa kwetu hiyo ni faida. Vidonge vina ukali wa asidi, na vinaacha kitu kingine, asidi ya sianuriki, ambayo inaikinga klorini na jua. Kidogo ni kizuri, miligramu 30 mpaka 50. Lakini haipungui kwa jua wala kwa filta, inajikusanya, na ikifika mia na zaidi inaikumbatia klorini mpaka haifanyi kazi. Dawa yake ni kumwaga sehemu ya maji. Nimeona hoteli ikinunua vidonge vikali zaidi kutibu ugonjwa ulioletwa na vidonge. Na kwa yale maji yenye njaa niliagiza kalsiamu kloridi, kilo ishirini na mbili, nikaitia kidogokidogo kwa wiki moja. Inachemsha ndoo ukiikoroga, shika kwa glavu. Unga mweupe ukakoma.

Groti niliirudishia mwenyewe kwa kushusha maji nusu. Sikulimaliza bwawa lote, na simshauri mtu alimalize, hasa masika. Bwawa tupu ni mashua. Kama ardhi chini yake imejaa maji, yanalisukuma juu, sakafu inapasuka. Sisi tuko kilimani tuna nafuu, lakini walio karibu na ufuko wakumbuke ziwa lilivyopanda miaka ile ya 2020 na 2021, likaingia mpaka kwenye nyumba za watu.

Alama za kutani zina lugha yake. Mstari mweupe mgumu usawa wa maji, udondoshee asidi tone moja: ukitoa povu ni ukoko wa chokaa, usugue kwa jiwe la visigino, lile la bafuni, maji yakiwa yamelilowesha. Mstari wa mafuta, wa jasho na losheni, hautoi povu. Huo unatoka kwa sponji na magadi ya kuokea. Madoa ya kahawia chini ya mwembe wetu ni ya majani. Ukiweka kitambaa chenye klorini juu yake yanafifia. Yale yasiyofifia kwa klorini, sugua kidonge cha vitamini C cha duka la dawa. Kama doa linayeyuka chini ya kidole chako, ni chuma.

Nililijuaje la chuma? Nililitengeneza mwenyewe. Mwani mweusi uliota kwenye mianya ya vigae, vitone kama mbegu za papai, vina mizizi na ngozi ngumu ambayo klorini haipenyi mpaka uivunje. Nikanunua burashi ya waya ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ya kukwangulia kutu, nikasugua kwa bidii siku nzima. Mwani ukafa. Baada ya wiki bwawa likaota madoadoa ya kutu kila mahali waya ulipokatika. Kumbe ilitakiwa burashi ya chuma kisichoshika kutu. Nilitumia makopo mawili ya vitamini C, na muuza duka akaniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

Habari ya mrututu ni fupi. Kuna watu wanautia bwawani kuua mwani, na kweli unaua, maana ni shaba. Lakini shaba haiondoki. Jirani yetu mmoja alikuwa na maji maangavu kabisa, unaona sarafu sakafuni, ila kijani kama chupa. Alimwaga klorini kila siku na kijani kikazidi. Siku moja binti wa wageni wa Kizungu akatoka na nywele za kijani, mama yake akapiga kelele kwamba ni klorini. Ilikuwa shaba. Kijani chenye ukungu ni mwani, kijani kiangavu ni madini. Ukivichanganya hivyo viwili utatibu homa kwa dawa ya meno.

Na ile harufu kali ambayo watu wakiisikia husema "hapa klorini imezidi", mara nyingi ni kinyume chake. Ni klorini iliyoungana na jasho na mkojo, imechoka, inachoma macho. Inataka klorini zaidi, kwa mara moja na kwa wingi, kama mara kumi ya kiasi kilichochoka, ili iungue iishe. Sikukuu ya Idi ndiyo siku yangu ya kufanya hivyo, saa tatu usiku, watoto wakishaondoka. Nawapenda lakini nawajua.

Mwaka jana maji yalianza kushuka sentimita mbili kwa siku. Mama akasema ni jua. Nikaweka ndoo ya maji kwenye ngazi ya kwanza, jiwe ndani yake, maji ya ndoo na ya bwawa usawa mmoja, nikachora alama ndani na nje. Baada ya saa ishirini na nne ndoo ilipungua milimita sita. Hilo ndilo jua. Bwawa lilipungua ishirini. Hizo kumi na nne zilizobaki, kwa eneo letu, ni lita elfu moja kila siku zinakwenda ardhini, na elfu moja nyingine inaingia kutoka ziwani na ualkali wake. Nilizima pampu, nikashuka na bomba la sindano lenye rangi nyekundu ya chakula, nikawa naachia tone moja moja kwenye kila mwanya. Kwenye ukingo wa skima, kile kinywa cha ukutani kinachonyonya taka za juu ya maji, pale plastiki inapokutana na zege, rangi ikavutwa ndani kama moshi wa sigara mdomoni. Gundi ya epoksi inayokauka majini, dakika ishirini.

Mvua za kwanza zimeshaanza Oktoba hii. Zimeshusha majivu yote ya mashamba yaliyochomwa kiangazi, na juzi bwawa lilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nimepima, nimeosha filta, nimetia shabu, sina wasiwasi.

Nina doa moja tu. Liko upande wa kina kifupi, ukubwa wa chapati. Klorini hailigusi. Vitamini C hailigusi. Halitoi povu, halina ukwaruzo, halikui, haliondoki. Wiki iliyopita Mama aliliona akauliza ni nini. Nikamwambia ni kivuli cha mwembe. Akatazama bwawa, akatazama mwembe, kisha akatazama saa yake. Ilikuwa saa moja na nusu usiku.